Gari la Umeme la Safu Tatu Lipimwe Likiwa Limejaa

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa viongozi wa chama chetu cha akiba na mikopo, mabibi na mabwana, habari za jioni.

Nimeombwa nieleze namna ya kulikagua gari kubwa la umeme la familia, lile lenye safu tatu za viti, kabla mtu hajalipa hata shilingi ya kutanguliza. Msimamo wangu ni mmoja: gari la aina hii lipimwe likiwa limejaa. Anayenunua viti saba hanunui ili aende peke yake kutoka Ilazo mpaka Mji wa Serikali Mtumba, hapahapa Dodoma, na kurudi. Hununua kwa ajili ya safari ya Desemba, ambayo ndani yake watoto, bibi yao, mabegi na gunia la mchele vyote vinatakiwa kufika siku moja. Namba tunazosoma kwenye vipeperushi, kwa upande mwingine, zimepatikana gari likiwa karibu tupu.

Nichukue mfano wa Kia EV9, ambayo ilitangazwa kuwa Gari Bora la Mwaka la Dunia kwa 2024. Betri yake kubwa ni ya kilowati-saa 99.8, na kwa kuwa kilowati-saa moja ndiyo yuniti ileile tunayoinunua kwenye LUKU, tuseme ni gari la yuniti 100. Toleo linalosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake limepimwa huko Ulaya kuwa linaweza kwenda hadi kilomita 563. Mtu wa Dodoma akisikia namba hiyo huiwaza Dar es Salaam papo hapo, kwamba ni kama kilomita 450 na kwamba zitabaki nyingine za kuzungukia Kariakoo. Hazitabaki. Kipimo hicho hufanyika maabara, wastani wa mwendo wake ni kama kilomita 46 kwa saa, kiyoyozi kimezimwa, na mzigo uliomo ni mdogo mno.

Tufanye hesabu yetu wenyewe, na tuianzie Dar es Salaam, kwa kuwa kurudi ndiko kugumu. Kwa gari lililojaa, kiyoyozi kikifanya kazi, mimi hukadiria kwa tahadhari yuniti 25 kwa kila kilomita 100 za barabara kuu. Juu ya hapo kuna mlima ambao dereva hauoni kwa kuwa umetandazwa njia nzima: Dodoma iko kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Gari hili na abiria wake saba na mizigo yao huzidi tani tatu, na kuinua tani tatu kwa kimo hicho hula zaidi ya yuniti 9, hata kama barabara ingekuwa laini kama kioo. Jumla inapita yuniti 120, na betri ni ya 100. Kushuka kwenda Dar es Salaam sehemu kubwa ya yuniti hizo 9 huokolewa, lakini bado hesabu haifiki.

Kwa hiyo suala ni Morogoro. Mpaka hapo ni kama kilomita 190, na gari litakuwa limetumia yuniti 52 hivi. Zilizobaki ni kama 47. Kutoka Morogoro kupitia Dumila, Gairo na Kibaigwa mpaka hapa kuna kilomita 260 na mlima uliosalia, yaani yuniti 71, na mwenye busara haingii nyumbani betri ikiwa sifuri, basi aongeze 10 za akiba. Anahitaji kupata yuniti 35 Morogoro. Kwenye chaja ya kasi ni muda wa kula na kunyoosha miguu. Kwenye chaja ya kawaida ya kilowati 7 ni saa tano, watoto wakiwa garini. Ndiyo maana nasema kwamba ukaguzi wa gari hili hauishii kwenye yadi. Nenda Morogoro kwanza na gari ulilonalo sasa, ukaone kwa macho yako chaja iko wapi, inafanya kazi Jumapili jioni au la, na kichwa chake ni cha aina gani.

Mwendo nao una neno. Anayekwenda 110 anapambana na upepo karibu mara mbili ya anayekwenda 80, na keria iliyofungwa mabegi juu ya paa huongeza adhabu hiyo. Zile hamsini za vijijini ambazo tunazilalamikia, na matrafiki wenye tochi chini ya mwembe, kwa gari la umeme ni msaada kuliko usumbufu, kwa kuwa hapo gari hutumia umeme kidogo na kila linapopunguza mwendo hurudisha kiasi kwenye betri.

Sasa viti. Betri imelazwa chini ya sakafu, sakafu ikapanda, na katika safu ya tatu ya magari mengi ya aina hii magoti ya mtu mzima hupanda nayo. Mpeleke yadi kijana wenu mrefu kuliko wote, akae huko nyuma nusu saa nzima huku kiyoyozi kikiwa kimewashwa na gari limeegeshwa juani, kisha aeleze kama hewa inamfikia. Baada ya hapo mwacheni aketi hapohapo, mfungue buti. EV9 ina lita 828 safu ya tatu ikiwa imelazwa, na lita 333 ikiwa imesimamishwa. Lazeni humo gunia moja la mahindi, halafu mtafute mahali pa kuweka mabegi ya watu saba. Muulizeni na muuzaji kuhusu tairi la akiba, kwa maana mengi ya magari haya huja na kopo la dawa ya pancha tu, dawa ambayo haiwezi kuziba ubavu uliochanwa na jiwe.

Nyumbani kuna jambo ambalo wauzaji hawaligusi kabisa. Kwa soketi ya kawaida, kuijaza betri ya ukubwa huu huchukua zaidi ya saa 40, hivyo utahitaji chaja ya ukutani yenye njia yake peke yake kutoka kwenye ubao wa umeme, na kama nyumba yako ina umeme wa njia tatu, ni heri zaidi. Lakini kagua kwanza waya wa ardhini na ile fimbo ya shaba iliyozikwa nje ya ukuta. Chaja nyingi hupima ardhi kabla ya kuruhusu umeme kupita, na zikiona haishiki vizuri, hukataa. Udongo wetu hapa hukauka mno katika miezi ya kiangazi, na udongo mkavu haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo fimbo iliyofaulu Machi inaweza kushindwa Oktoba. Fundi aje na kifaa chake cha kupimia mwezi huo wa Oktoba, na ikibidi azike fimbo ya pili au ndefu zaidi.

Gharama ya umeme wenyewe haipaswi kumtisha mtu. Kwa shilingi zipatazo 356 kwa yuniti, mwendo wa kilomita 40 kwa siku hapa mjini unalipika kwa kama 3,600. Hapo mashabiki wa magari haya wana haki ya kujivuna.

Kwa gari lililotumika, namba ya kilomita kwenye dashibodi isikushughulishe sana kuliko afya ya betri, ambayo husomwa kwa kifaa kinachochomekwa kwenye gari. Angalia pia kichwa cha kuchajia: gari lililotengenezwa kwa soko la China, la Japani na la Ulaya kila moja lina umbo lake, na adapta si dawa ya kila tatizo. Dhamana ya betri, ambayo mara nyingi huwa ya miaka minane, hutolewa na mtengenezaji kwa nchi alikoliuza gari, hivyo muuzaji akuonyeshe kwa maandishi ni nani atakayeitimiza likiwa hapa, na ni gereji gani yenye mafundi waliofunzwa umeme wa volti nyingi.

Mheshimiwa Mwenyekiti, ushuru nimeuacha kwa makusudi, kwa sababu viwango huweza kubadilika kwa bajeti ya kila Juni, na mwenzetu wa forodha aliyeketi hapa mbele analijua suala hilo kuliko mimi. Naomba nimpishe.