Mama ni Nani? Neno Moja kwa Lugha Nyingi

Asanteni kwa kuja, na nyinyi mlio hapo mlangoni ingieni tu, viti viko huku mbele. Leo naongelea neno moja peke yake, mama. Nimelichagua juu hapa Nairobi huhitaji kupanda ndege ndio uone venye linabadilika, matatu tu inatosha.

Kwa Kiswahili mama tunamjua. Sasa ingia kwa nyumba ya Wakikuyu usikie mtu anasema "mama". Hapo anamwita mjomba wake, ndugu wa kiume wa mzazi wake wa kike, na huyo mzazi mwenyewe anaitwa maitu. Watoto wa mjini wamezoea kusema "mami" kwa mzazi, lakini uliza mzee yeyote wa Murang'a, atakwambia mama ni mjomba na hatasita. Toka hapo uende Parklands kwa familia ya Wagujarati, utasikia tena mama, na tena ni mjomba, upande ule ule wa mama mzazi, alafu mkewe ndiye anaitwa mami! Na huyo mjomba si mtu wa kando, harusi ya mtoto wa dadake ikifika yeye na watu wake ndio wanaleta zawadi, wanaziita mameru ama mosalu, na zinapokelewa kwa heshima kubwa sana.

Sasa Kikuyu ni Kibantu, Kigujarati kiko familia moja na Kihindi, Kiajemi, Kirusi, hata Kiingereza. Hizo familia mbili hakuna mtu ameonyesha zina babu mmoja. Lakini mtu akiona neno ni lile lile na maana ni ile ile anaanza kutunga safari, ati Wakikuyu walitoka Bara Hindi, ama Wahindi waliokuja kujenga reli ndio waliliacha hapa. Hizi hadithi naziona kila siku, leo ni India, kesho ni Misri, keshokutwa ni Kiebrania, na zinaniuma juu watu wanazipokea kama historia ya ukoo wao. Na jibu mara nyingi liko karibu. Wazulu mjomba wanamwita malume, Wanyarwanda wanasema marume, ndani yake unasikia ma ya mama na lume ama rume ya mwanaume, yaani mama wa kiume. Mimi naona mama ya Kikuyu inatoka kwa fikra za aina hiyo hiyo, mjomba ni mama aliye mwanaume, na wazo hilo Wabantu wanalo bila kuazima kwa mtu.

Tuende mbali kidogo. Georgia, ile nchi ya milima ya Caucasus, mama ni baba. Kabisa, baba mzazi! Mama mzazi ni deda, na lugha ya mama wanaiita deda ena, mji mkuu wanauita dedakalaki. Huko jangwani katikati ya Australia kuna Wapitjantjatjara, nao pia mama ni baba mzazi. Waturuki wana mama, kwao ni chakula cha mtoto mchanga. Kilatini mamma ilikuwa titi na pia jina la kumwita mama, na kutoka kwa lile titi ndio Linnaeus, yule Mswidi aliyepanga majina ya viumbe, alipata jina Mammalia mwaka wa 1758, wanyama wanaonyonyesha. Alafu Wachina wanasema mama, ni mama mzazi, Waquechua wa milima ya Andes wanasema mama, ni mama mzazi, na Wajaluo wetu pia, ingawa Kijaluo si Kibantu na hakina ukoo na Kichina.

Kwa hivo swali ni hili, kwanini neno ni lile lile na mtu anayeitwa anabadilika hivo?

Kuna Mmarekani mmoja, George Peter Murdock, alikuwa mwanaanthropolojia, alikusanya maneno 1,072 ya kuita wazazi kutoka lugha za dunia nzima, ya mama 531 na ya baba 541. Akakuta sauti za puani kama m na n ziko kwa asilimia 55 ya maneno ya mama, lakini kwa ya baba ni asilimia 15 peke yake. Hiyo si bahati. Roman Jakobson, mwanaisimu mzaliwa wa Moscow aliyefundisha Harvard, akaichukua hiyo hesabu na kuieleza, na maelezo yake ndiyo nayapenda kuliko yote. Anasema mtoto akiwa ananyonya mdomo umezibwa, sauti inayoweza kutoka ni ya puani tu, mmm, na baadaye akiona ziwa ama akilitaka anaitoa ile ile. Midomo inafunga, inafunguka, sauti rahisi kuliko zote inayofuata ni a. Ma. Akiirudia ni mama. Pale mtoto hajataja mtu! Ni sisi wakubwa tumekaa karibu tukisubiri kuitwa, tukasikia, tukaamua ni nani ameitwa. Wengi wakasema ni aliyemnyonyesha. Wageorgia wakampa baba. Waturuki wakasema mtoto ana njaa, na ukifikiria vizuri hao ndio wamekaa karibu zaidi na kile mtoto alikuwa anataka.

Ndio maana neno hili halisaidii kupima undugu wa lugha, juu linaweza kuzaliwa upya kila mahali kuna mtoto mchanga. Na hata maneno ya kawaida yanagongana. Australia kaskazini mwa Queensland kulikuwa na lugha inaitwa Mbabaram, mtaalamu R. M. W. Dixon alipouliza mbwa anaitwaje akaambiwa dog, sawasawa na Kiingereza, na haikuwa imeazimwa. Majirani wao Wayidiny wanasema gudaga, Mbabaram ilikata mwanzo wa maneno yake, likabaki hilo.

Undugu wa kweli hauhitaji hata maneno yafanane sana, unahitaji tofauti inayojirudia. Angalia Kiswahili na Kikuyu: sisi tunasema kupanda, wao kuhanda. Kupona, kuhona. Kupaka, kuhaka. Upepo, wao ruhuho. Pale sisi tuna p wao wana h, neno baada ya neno, hiyo huwezi kuipata kwa bahati. Mtu akikuletea neno moja la Kiebrania linalofanana na la kwenu, mwambie alete mengine kumi yenye mpangilio kama huo.

Na sauti hazikai, zinatembea. Wajapani leo mama ni haha, lakini wataalamu wa Kijapani cha kale wanaonyesha ile h ilikuwa p. Kwa hivo zamani mtoto wa Kijapani alikuwa anamwita mamake papa.

Haya, maswali. Naona mkono pale... Anauliza, na baba je? Swali zuri, juu Kiswahili, Kikuyu, Kiyoruba, Kituruki na Kichina vyote vina baba na ni mzazi wa kiume. Lakini ukienda Urusi ama Poland baba ni mwanamke, tena mara nyingi mzee, ndio kwa ngano zao kuna yule mchawi wa msituni Baba Yaga. Alafu Wapoland baba mzazi wanamwita tata, na nyinyi Wakikuyu mlioko hapa tayari mnacheka juu tata kwenu ni shangazi.