Kalamu ya Ng'ambo Ishikwe na Watoto wa Ng'ambo

Assalamu alaykum. Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, masheha mliofika, na nyinyi vijana mnaosomea usanifu majengo, ujenzi na mipango miji.

Nimeombwa nizungumzie mustakbali wa mji wa Zanzibar. Nitazungumzia Ng'ambo, mitaa iliyo upande wa pili wa Darajani, nje ya Mji Mkongwe. Mji Mkongwe una mamlaka yake ya uhifadhi tangu 1985, umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000, na kila jengo lake likipata ufa watu wanapiga kelele, na wana haki. Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Mji Mkongwe, ilipoporomoka upande mmoja Disemba 2020, habari ilienea duniani siku ile ile. Lakini watu wa mji huu wengi wao wanalala ng'ambo ya Darajani. Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Mjini Magharibi na watu 593,678. Ya 2022 iliukuta na watu 893,169. Karibu laki tatu wameongezeka katika miaka kumi, na kila mmoja wao anataka mlango, maji, choo, na njia itakayopitisha jeneza siku yake ikifika.

Sasa nani anauchora mji huu? Karne iliyopita tulichorewa mipango mikuu minne. Mwaka 1923 alikuja Lanchester kutoka Uingereza. Mwaka 1958 wakaja Kendall na Mill. Kendall alikuwa mpangaji miji wa Uganda. Mwaka 1968, baada ya Mapinduzi, akaja Scholz kutoka Ujerumani Mashariki. Mwaka 1982 wakaja wataalamu wa China. Wote walikuwa mahodari wa kazi yao, na baadhi ya barabara tunazopita leo zilianza kwenye karatasi zao. Ila hakuna hata mmoja kati yao aliyekulia uwani.

Nakaa kidogo hapo, kwa sababu ndipo penye hoja yangu. Nyumba ya Ng'ambo mnaijua. Nje pana baraza, ambapo mgeni wa kiume anapokewa bila ya kuingia ndani. Mlango unafungukia ukumbi mrefu, vyumba kulia na kushoto, na mwisho wa ukumbi kuna uwa: jiko, choo, pengine kisima, kamba ya nguo, na kina mama wa nyumba tatu nne wanaopitiana kwa milango ya nyuma. Kuta ni za boriti na fito zilizokandikwa udongo na mawe, siku hizi matofali. Paa lilikuwa la makuti, sasa ni bati. Mchana mtaa una njia zake mbili: ya mbele ya wanaume, na ya nyuma ya wanawake na watoto. Njia ile ya nyuma haimo katika ramani yoyote ya zamani niliyowahi kuiona. Mpimaji mgeni alisimama barazani, akapewa kahawa, akaandika alichokiona, akenda zake.

Tazameni Michenzani. Mpango wa 1968 ulikusudia kuibomoa sehemu kubwa ya Ng'ambo na kusimamisha majumba ya ghorofa mahali pake. Yaliyojengwa ni sehemu tu ya lile lililochorwa, yale majumba marefu yanayokatana kama msalaba kwenye mzunguko. Tusiyatukane. Wananchi walijitolea nguvu zao kuyajenga, na watu waliobomolewa nyumba za udongo walipata umeme, bomba na choo cha ndani. Kwa familia nyingi ile ilikuwa heshima waliyokuwa hawajaionja. Bibi aliyepanda ghorofa ya tano, hata hivyo, aliuacha uwa wake chini. Akaanza kukaanga samaki kwenye kibaraza cha fleti, na nguo akaanika dirishani. Wanaume walishuka wakatafuta pa kukaa chini ya majumba, na baraza zikazaliwa upya pale pale, bila ya msanifu yeyote kuzichora. Wakaazi waliimalizia kazi iliyoachwa nusu. Kijana anayesomea usanifu hapa Unguja angeanzia hapo: apande ngazi zile, aulize kila ghorofa imebadilisha nini na kwa nini, achore.

Na vijana wetu wameshaonesha kuwa wanaweza. Kati ya 2013 na 2016, Idara ya Mipango Miji na Vijiji, ikiongozwa na Dk. Muhammad Juma, Mzanzibari mwenzetu, iliendesha mradi wa Ng'ambo Tuitakayo pamoja na mji wa Amsterdam. Mara hii kazi ilianza kwa kuuliza: watu wanakutana wapi, ngoma ilipigwa wapi, mti gani wazee hawataki ukatwe. Majibu yakatiwa katika ramani. Mwaka 2016 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walifunzwa kurusha ndege zisizo na rubani, na Unguja na Pemba zikapigwa picha kutoka juu, paa kwa paa. Nchi nyingi kubwa kuliko yetu hazina picha kama hizo.

Picha ya juu, lakini, haioni chini ya bati. Haijui kwamba uchochoro huu masika yakija unageuka mto, na kwamba maji yanaingia kwa Bi fulani kwa sababu jirani wa juu alijenga ukuta. Jang'ombe, Sebleni na Mwanakwerekwe wanayajua haya vizuri. Mitaro mikubwa imejengwa na imesaidia sana. Kazi iliyobaki ni ya mita kumi, mita ishirini: mfereji mdogo unaokutana na mtaro mkubwa, ngazi mbili, kivuli cha kusubiria daladala, taa kwenye njia ya nyuma anayopita mtoto wa kike akitoka madrasa usiku. Kazi hiyo hakuna kampuni ya nje itakayoifuata, kwa sababu haina fedha nyingi. Inamtaka mtu anayeweza kubisha hodi na kukaribishwa mpaka uwani. Na hapa nawataja hasa wasichana mlio ukumbini: kwa mila zetu, nusu ya nyumba hizi mnaweza kuzipima nyinyi tu.

Kule Fumba umetangazwa mnara wa mbao wa mita 96. Sina ugomvi nao. Ila najua vijana watavutwa na mnara, na sisi wakubwa ndio tunaowavuta, maana tukitoa zawadi tunampa aliyechora ghorofa ndefu.

Kwa hiyo nina ombi kwa Baraza la Manispaa, na nalisema mbele ya wote. Kila shehia ya Ng'ambo ipewe kikundi cha vijana wawili watatu waliohitimu, pamoja na fundi mmoja mzee wa mtaa huo. Wapewe mkataba na walipwe. Tumezoea kuwaita vijana kwenye warsha, wakachora siku mbili kwa chakula cha mchana na nauli, kisha kazi yenyewe akapewa mwengine. Mchoro wao ubandikwe kwa sheha mwezi mzima, watu waupinge, waurekebishe, na jina la aliyechora liandikwe chini yake, ili mtaro ukiziba watu wajue wamwite nani. Mtaa wa kwanza napendekeza uwe Kikwajuni, na kazi inaweza kuanza kabla ya vuli.