Kuku Hatoki Jasho

Assalaamu alaykum, wafugaji wenzangu wa Malindi. Najua mmenichoka. Kila kaskazi ikiingia nawajia na hadithi ileile ya utumbo wa kuku. Mvumilie.

Kuku hana jasho. Mwili wake ni nyuzi 41 hata siku ya baridi. Joto likizidi anahema, mdomo wazi, mbawa kazitanua. Damu inakimbizwa kwenye ngozi na undu ili joto litoke. Inatoka wapi damu hiyo? Utumboni! Utumbo unakosa hewa, kuta zinalegea, sumu za bakteria zinapenya hadi kwenye damu.

Februari moja mama wa kijiji cha Ganda aliniita mbio. “Mwanangu, kuku wanaharisha, siku ya tatu nawapa dawa.” Antibiotiki, bila shaka. Nikachutama nikatazama kinyesi: maji matupu. Kuku anayehema hunywa mno, na kilichoingia kitatoka. Si lazima awe mgonjwa. Nikafungua bomba la banda, linalotoka kwenye tangi jeusi juu ya mabati. Nikatia kidole, nikakichomoa upesi! Yalibaki majani na iliki tu tunywe chai. Na humo ndimo alimoyeyusha vitamini C tangu alfajiri. Vitamini C haivumilii joto wala mwanga, kwa hiyo mchana kuku walikuwa wakinywa hasara tupu. Antibiotiki nayo ilishawaua bakteria wema, walinzi wa utumbo ule ule. Mama kalipa mara mbili kujiharibia.

Kuna anayenong'ona huko nyuma kwamba kuku hujitengenezea vitamini C. Kweli, kwenye figo. Ila joto likikaza haimtoshi. Na wewe unayesema babu yako alifuga bila poda za vitamini: babu yako alifuga kuku wa kienyeji, wakishinda chini ya mkorosho. Wewe umewafungia wa kisasa chini ya mabati. Ezeka makuti kwanza, ndipo tuzungumze poda.

Basi, maji yawe ya pipa la kivulini. Vitamini changanya kidogo kidogo, anza jua halijapanda, yakipata moto mwaga. Bakteria wema wapeni kuku siku kadhaa kabla ya joto, msingoje kuku waanguke; na msiwatie bakteria hao kwenye maji yenye klorini, mtawaua kabla hawajafika tumboni. Chakula kiwe alfajiri na jioni, maana kusaga chakula nako kunaongeza joto.

Wenye kuku wa mayai, ganda likiwa jembamba msikimbilie chokaa peke yake. Kuhema kunamtoa kuku kaboni dioksaidi anayoihitaji kutengeneza ganda, ndiyo sababu watu hutia sodiumu baikaboneti, ile soda ya kuokea. Kwa kipimo! Chumvi hiyo ikizidi utazidisha huko kuharisha.

Nilitaka kufika kwenye virutubisho vingine vya kukabili joto, betaini, zinki, seleniamu na vitamini E, lakini adhana hiyo. Mwenye tangi jeusi asiondoke, nina neno naye hapo nje.