Kupiga rangi rimu ya spoti isibambuke: anzia kingoni

Habari zenu wadau, karibuni tena gereji. Leo ni rimu, na naomba msiikimbize video mpaka kwenye kupuliza, maana kupuliza ndio kazi ndogo kuliko zote. Hizi hapa ni rimu nne za inchi 15, za Toyota IST, hazikuja na gari. Mwenyewe alizinunua Gerezani, mtumba wa Japani, akaenda kuzipigisha rangi nyeusi mahali, mwaka haujaisha na ona zilivyo.

Dogo sogeza kamera hapa. Mnaona uso wa rimu, hizi spoku, bado zinang'aa vizuri tu, sina neno nazo. Sasa angalia kwenye matundu ya nati, rangi imepasuka duara zima. Njoo hapa ukingoni panapokutana na tairi, inabanduka kama ganda la kiazi cha kuchemsha. Na hapa kwenye tundu la valvu, ona huu unga mweupe. Rangi ya rimu haianzi kufa usoni jamani, inaanzia kwenye kingo, kwa hiyo video nzima ya leo mtaniona nahangaika na kingo.

Kwa nini kingo? Rimu hizi ni aloi ya alumini, haitoi kutu nyekundu kama chuma lakini inaliwa vilevile. Rangi ikishapata kidonda kidogo, maji yenye chumvi yanaingia chini yake, alumini inatoa ule unga mweupe, unga unainua rangi, rangi ikiinuka maji yanaingia zaidi, basi ndio safari hiyo. Kwenye rimu zile zilizochongwa uso zikapakwa klia (ile rangi angavu ya juu kabisa) peke yake utaona vimistari kama njia za minyoo chini ya klia, ni kitu kilekile. Na sisi wa pwani, Dar, Tanga, Mombasa, gari inalala mita chache kutoka baharini, tunaipata hii mapema kuliko mtu wa Dodoma.

Haya, hatua ya kwanza ni kukagua, na usikague ukiwa na haraka. Osha rimu, ipige mwanga wa tochi ndani na nje, tafuta ufa hasa upande wa ndani ambako hakuna anayeangalia. Rimu yenye ufa haipigwi rangi. Narudia, haipigwi rangi wala haijazwi puti ikauzwa, kuna familia itapanda hilo gari. Hilo kwangu halina mjadala, mteja akikasirika akasirike.

Halafu jaribu rangi iliyopo. Chukua kitambaa cheupe, kilowanishe tina kidogo, sugua sehemu moja kama nusu dakika. Hii hapa, ona kitambaa kimekuwa cheusi chote. Maana yake ni rangi ya kopo isiyo na hadina (dawa ya kugandisha rangi unayochanganya nayo), inakauka kwa tina kupaa tu, kwa hiyo ukiigusisha tina au petroli inayeyuka tena. Ile iliyochanganywa na hadina ikishakomaa haitoki hivi. Kwa hiyo hii yote inatoka, sipigi rangi ngumu juu ya rangi laini hata uniongezee hela.

Hatua ya pili, tairi inatoka. Najua wengi mnapiga na tairi lake mkiwa mmefunika na magazeti, na kwa kazi ya kuuza gari kesho itapendeza, lakini ule ukingo unaojificha chini ya tairi unabaki na uchafu na rangi yako inaishia juu ya uchafu. Kama huwezi kutoa kabisa basi angalau toa upepo usukume tairi lishuke, upate ukingo wote. Toa na valvu. Toa risasi zote za baransi, vile vyuma vidogo vya kusawazisha tairi, hasa zile za kubana na kibanio, kila kibanio kimeacha kidonda chini yake utaona mwenyewe.

Hatua ya tatu ni kutoa mafuta, na hapa ndipo watu wanapokosea mpangilio. Unatoa mafuta KABLA ya msasa. Ukianza na msasa unachukua ile silikoni ya kung'arishia matairi unaisugulia ndani ya mikwaruzo, halafu ukipuliza rangi inakimbia inaacha vidoti kama macho ya samaki, na hapo hata uongeze rangi kiasi gani haifuniki. Sabuni ya maji na mswaki wa zamani kwanza, suuza, kausha, halafu dawa ya kutoa grisi, kitambaa kimoja cha kupaka kingine cha kufutia. Vumbi la breki lile jeusi limegandia upande wa ndani, ni chembe za chuma zimejichimbia wakati wa moto, litoe lote hata kama upande huo hauonekani.

Kuna kipimo hakina gharama: mwagia maji safi juu ya rimu. Yakitandaa kama shuka moja, safi. Yakijikusanya matone matone kama kwenye jani la mgomba, bado kuna mafuta, rudi tena.

Sasa msasa. Kwenye mikwaruzo ya ukingo wa barabara naanza na namba 80 kidogo tu, nakuja 180, namalizia 320 rimu nzima. Rangi ya zamani yote inatoka na unga mweupe wote unatoka mpaka uone chuma kinang'aa. Ukiacha unga hata wa ukubwa wa punje ya mchele, umepanda mbegu. Na sasa kitu ambacho hamkioni kwenye video nyingi, hebu angalia hiki kikona kikali cha tundu la nati, nakipitisha msasa kinakuwa na mviringo kidogo. Rangi ikiwa mbichi inajivuta kutoka kwenye kona kali, inabaki nyembamba kama utando wa maziwa, ndio maana panaanza kupasuka hapo. Kona ikiwa na mviringo rangi inakaa. Dakika kumi kwa rimu moja, usizionee uvivu.

Hatua ya nne, praima, ile rangi ya msingi ya kushikisha rangi ya juu. Niwaambie kitu. Miaka ya mwanzo nilipiga rimu za mama mmoja wa Kigamboni, silva nzuri kabisa, akaondoka ananishukuru. Masika ikapita akarudi, hakufoka, alinisimamisha tu mbele ya gari akaniambia mwanangu hebu shika hapa. Nikashika, ikatoka kipande kama plasta. Nikamwambia mama naomba uniachie gari wiki moja. Nilirudia zote nne bila kuchukua hata senti, na usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu nilijua nilichofanya: nilitumia praima ya kawaida ya mabati juu ya alumini tupu. Alumini ikishasuguliwa ikikutana na hewa inajifunika ngozi ya oksidi saa hiyohiyo, ngozi nyembamba huioni, na praima ya kawaida haiishiki. Inataka praima ya epoksi yenye hadina yake, au ile ya asidi inayouma chuma. Mimi natumia epoksi. Ukitumia ya asidi piga nyembamba sana, na usipake puti ya hadina moja kwa moja juu yake, hawapatani.

Na usisugue leo ukapiga praima kesho. Ukimaliza msasa futa tena grisi, piga praima siku hiyohiyo. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza, nausukumia kwenye kingo kwanza, matundu ya nati, tundu la valvu, mdomo wa rimu, mgongo wa spoku, halafu ndio uso. Uso utajipata wenyewe, kila fundi anaukumbuka uso. Subiri kama kopo lako linavyosema, kila kampuni na muda wake, na ukipitiliza muda huo lazima ukwaruze tena kabla ya kuendelea.

Lakini kabla ya praima funika sehemu mbili, tafadhali sana: mgongo wa rimu unaokaa kwenye habu (kitovu cha gurudumu kwenye gari), na vile vikombe ambapo nati inakalia. Mimi nakata duara za tepu ya karatasi, wengine wanaweka gololi kubwa kwenye kila tundu. Rangi nene pale inapondeka gari ikitembea, nati inalegea, na tairi kuchomoka barabarani sio hadithi. Kwa hiyo kuta za tundu zinapata rangi, kikombe cha nati hakipati.

Rangi yenyewe sasa. Msasa namba 600 wa maji juu ya praima, futa, halafu mikono miwili myepesi ya rangi, ukiacha dakika kumi mpaka kumi na tano katikati. Watu wanapenda kujaza mikono mitano wakidhani unene ndio uimara, hapana, rangi nene inakaa laini ndani na kokoto moja tu inaing'oa kipande. Na usidanganywe na rangi ya ekzosi eti kwa sababu breki inapata moto. Ile inataka kuchomwa kwa joto kali ndio ikomae, kwenye rimu joto hilo halifiki, inabaki laini siku zote.

Klia ndio koti la mvua. Tumia ya hadina, kipimo kama kilivyoandikwa kwenye kopo, nyingi ni mbili kwa moja, pima kwa kikombe usikisie kwa macho. Hadina pungufu haikomai. Mikono miwili iliyolowa. Na hapa naongea na wadogo zangu mnaojifunza: hadina hizi zina isosayaneti, kemikali inayodhuru mapafu, kile kitambaa cha pua na barakoa ya hospitali haisaidii kitu. Vaa barakoa yenye vichujio vya kemikali, fungua pande zote, toa watoto eneo hilo. Ukishapata pumu ya rangi haiondoki, na kazi ndio inaishia hapo.

Hali ya hewa pia. Kipindi cha masika kama mvua imetoka kunyesha hewa nzito, usipige, rangi inapauka inakuwa kama imemwagiwa maziwa. Mwambie mteja subiri. Mimi napenda asubuhi umande ukishakauka, kabla upepo haujaanza kuleta vumbi.

Mnaniulizaga kuhusu pauda koti, ile rangi ya unga inayopulizwa kavu. Ni nzuri na inavumilia kokoto kuliko rangi yangu hii, sitawadanganya, lakini inachomwa kwenye oveni kwenye nyuzi 180 mpaka 200 hivi, kwa hiyo muulize fundi kama oveni yake ina kipimo cha joto kinachofanya kazi, maana aloi ikizidishiwa moto inapoteza ugumu wake. Na pauda juu ya unga mweupe inabanduka vilevile.

Kazi ikiisha iache. Kesho yake itakuwa ngumu kwa kidole lakini ndani bado, mimi nasubiri siku saba kabla sijaipeleka kwa fundi tairi. Na huko usiiache peke yake. Simama hapohapo. Mtaimbo mmoja kwenye ukingo unafuta wiki yako nzima, mwombe aweke kipande cha plastiki au cha mpira chini ya chuma, sabuni ya kutosha kwenye mdomo wa tairi, na risasi za baransi ziwe za kubandika ndani, sio za kubana.

Ukifunga gari, kaza nati kwa mtindo wa msalaba, moja halafu inayotazamana nayo, na kama una spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, Toyota ndogo nyingi ni nyutonimita 103. Tembea kama kilomita 80 mpaka 100 halafu uzikaze tena.

Kuosha ni maji na sabuni ya maji, rimu ikiwa imepoa. Mkatalie anayeosha gari asipake sabuni ya unga wala asidi ya kung'arishia rimu, na stilwaya isisogee kabisa. Mkaao karibu na bahari suuzeni hata kila wiki, na upande wa ndani pia.

Na siku ukigonga ukingo wa barabara, maana utagonga tu, usisubiri mpaka utakapopiga rangi upya. Wiki hiyohiyo kwaruza kidonda na 320, futa grisi, gusa praima kwa kibrashi kidogo, rangi, halafu klia. Ona hii ya kwangu hapa, kidonda hiki ni cha mwaka juzi, nilikiziba Jumamosi ileile, haijasogea hata nukta.