Mandhari Sio Picha ya Ukutani

Haya jamani, wa nyuma mnanisikia? Poa. Nimeambiwa niongelee jinsi watu wanavyoharibu sehemu zenye mandhari nzuri, ntaongea, ila naanza kinyume, maana kuna sehemu zinaharibika watu wakiondoka.

Chukua yale matuta ya mpunga ya Ifugao, Ufilipino, ngazi kwa ngazi mpaka huko juu mlimani. UNESCO waliyaingiza kwenye urithi wa dunia 1995, kufika 2001 yako kwenye orodha ya hatari. Kuna mtu alipeleka tingatinga? Wapi! Vijana walikuwa wanaacha kilimo wanakimbilia mjini, mifereji haizibuliwi, kingo zikaanza kubomoka, na ule msitu wa juu ndio unashika maji, ukikatwa matuta ya chini yanakauka. Yaani ule uzuri unaoupiga picha ni jasho la mtu. Yalitoka kwenye hatari 2012, baada ya kukarabatiwa.

Sasa njia ya miguu, hii naipenda sana. Mvua imenyesha, njia ina tope, wewe unaonea viatu huruma, unapita pembeni kwenye nyasi. Wa nyuma anaona nyayo zako anafuata. Nyasi zinakufa, udongo unashindiliwa, maji hayazami tena yanatiririka tu juu juu, yanachimba, baada ya muda pale napo ni korongo lenye tope kwa hiyo watu wanasogea pembeni zaidi, njia ya mtu mmoja inakuwa pana kama barabara na ukitafuta mkosaji humpati. Halafu wanaweka kibao USITOKE NJIANI. Nani anasoma kibao akiwa na tope kwenye soksi? Panga mawe palepale penye tope, mguu wenyewe utachagua.

Kuna wakati dawa ni kufunga tu. Maya Bay, ghuba moja ya Thailand yenye ufukwe, ilikuwa inapokea mpaka watu 5,000 kwa siku, boti zinashusha nanga juu ya matumbawe. Wakafunga 2018, wakafungua 2022, na boti haziingii tena ghubani. Lakini pale hakuna kijiji ufukweni, kwa hiyo msiniletee Maya Bay kama jibu la kila mahali.

Kwa sababu kuna Dresden, Ujerumani. Bonde la mto Elbe liliingia urithi wa dunia 2004, mwaka uliofuata wakazi wakapiga kura, wakataka daraja la njia 4 lipite hapohapo bondeni, wamechoka na foleni. UNESCO wakakataa, watu wakapendekeza handaki, wapi, ujenzi wa daraja ukaendelea, 2009 bonde likafutwa kwenye orodha. Mimi ningechimba handaki. Ila mimi siishi pale, na foleni ya asubuhi sio yangu.

Haya, maswali. Wewe wa shati la kijani, nimeona unatikisa kichwa toka nilipotaja daraja, anza.