Nywele nyeusi, mvi na hina mbele ya mwanga wa polaraizi

Karibuni watazamaji. Niko Kondele, Kisumu, chumbani kwa nyanya, mapazia yamefungwa. Mezani nina laptopu, simu ya kurekodia, miwani ya jua ya polaraizi (yaani inayopitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu) na vishungi viwili: nywele zangu nyeusi, na mvi alizonikatia nyanya asubuhi. Rasta usizitumie, hizo ni plastiki.

Kwanza ijaribu miwani. Fungua ukurasa mweupe kwenye laptopu, ongeza mwangaza hadi mwisho, kisha izungushe miwani mbele ya skrini. Mahali fulani skrini itakuwa nyeusi tii. Isipokuwa hivyo, badilisha miwani. Mawimbi ya mwanga wa skrini hii yanatikisika upande mmoja tu, kwa hiyo taa nyingine hatuhitaji.

Chana nywele zilizooshwa na kukauka, uzibandike kwenye kadi nyeusi, zielekee skrini. Simu ikae ubavuni mwa skrini, karibu nayo kabisa, na lenzi moja ya miwani iwe mbele ya kamera. Shikilia kidole juu ya picha hadi mwangaza ufungwe, usibadilike tena. Usipofanya hivyo simu itajirekebisha yenyewe na hutaona tofauti.

Sasa zungusha miwani polepole. Ona zile nyeusi! Mng'aro umezimika, zimebaki kama makaa. Mvi nazo zimepoteza mng'aro, lakini bado zinaonekana, nyeupe.

Hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Unywele umefunikwa magamba yaliyopangana kama vigae. Mwanga unaodunda juu ya magamba hauchukui rangi, wala mtikisiko wake hauvurugiki, ndiyo maana hata nywele nyeusi hung'aa nyeupe, na miwani huweza kuuzuia. Mwanga mwingine hupenya ndani. Kwenye nywele nyeusi, melanini, ile rangi ya asili ya nywele, huumeza. Kwenye mvi hakuna wa kuumeza, basi hutangatanga kutoka unywele huu hadi ule, ukatoka ukitikisika kila upande. Huo miwani haiwezi kuuzuia wote. Mwanafizikia Mrusi Nikolai Umov alieleza mwaka 1905 kwamba kitu kikizidi weusi, mwanga kinaourudisha huzidi kuwa wa polaraizi, yaani wa kutikisika upande mmoja.

Nywele za dhahabu za Wazungu zina melanini kidogo, kwa hiyo huangukia katikati.

Mwisho, omba kishungi cha mvi zilizotiwa hina. Ziba mng'aro uone: ule weupe wa juu ukiondoka, hina inabaki peke yake, nyekundu iliyokolea kuliko unavyoiona kwa macho matupu. Rekodi hapo hapo.