Andika draiva yako ya poti ya siriali: GPS, ATmega328P na intarapti

Wadau, karibuni. Leo tunaandika draiva (programu ndogo inayoendesha kifaa) ya poti ya siriali, njia inayopitisha data biti moja moja, kwa mikono yetu, bila kuitegemea maktaba ya Arduino. Hapa mezani nina Arduino Uno, ambayo prosesa yake ni ATmega328P ya megahezi 16, na moduli ya GPS aina ya NEO-6M. Ukizunguka maduka ya elektroniki ya Kariakoo, vyote viwili huvikosi.

Tuanze na waya. VCC (umeme) ya GPS iende kwenye 5V, GND (hasi) kwa GND, halafu TX (ya kutuma) ya GPS iingie pini namba 0 ya Uno, ambayo ni ya kupokea. RX (ya kupokea) ya GPS iache ilivyo, hatuna cha kuiambia. Angalizo: pini 0 ndiyo hiyo hiyo USB inayoitumia kupakia programu, kwa hiyo chomoa huo waya kila unapopakia. Usipouchomoa, upakiaji unagoma na utabaki unailaumu kompyuta bure.

Sasa kasi. NEO-6M ikitoka dukani huongea kwa baudi 9600, yaani biti 9600 kwa sekunde. Chukua 16,000,000, gawa kwa jibu la 16 mara 9600, kisha toa 1. Unapata 103 na ushee, na 103 ndiyo tunayoiandika kwenye UBRR0, rejista (kisanduku cha mipangilio ndani ya prosesa) inayoshika kasi. Anayetaka 115200 apige hesabu hiyo hiyo: atapata 7.68, akiikadiria kuwa 8 kasi inapotoka kwa asilimia 3.5, na hapo herufi zinaanza kuharibika.

Kwenye rejista ya UCSR0C washa biti za UCSZ01 na UCSZ00, maana yake biti 8 za data. Kwenye UCSR0B washa RXEN0 (kupokea), TXEN0 (kutuma) na RXCIE0. Hiyo ya tatu ndiyo inayoruhusu intarapti, yaani prosesa kukatiza kazi yake kwa muda, kila baiti inapofika. Kisha mwishoni kabisa, kila kitu kikiwa tayari, ndipo uite sei(), amri inayofungulia intarapti zote.

Hapa twende taratibu. Kila baiti inasafiri na biti ya kuanzia na ya kumalizia, jumla biti 10. Kwa baudi 9600 hizo ni baiti 960 kwa sekunde, yaani moja inafika kila baada ya milisekunde moja na kidogo. Prosesa nayo ina nafasi ya kungojea ya baiti mbili tu, ya tatu ikiwa bado inaingia. Ukichapisha sentensi ya herufi 70 ukiwa ndani ya intarapti, unatumia zaidi ya milisekunde 70, na baiti nyingi zinapotea. Intarapti ifanye kazi kama konda wa daladala saa ya msongamano: pokea nauli, tia mfukoni, gonga bodi, gari liondoke. Hesabu ya pesa ni baadaye.

Kwa hiyo ndani ya ISR(USART_RX_vect), yaani kipande cha programu kinachoendeshwa intarapti ya kupokea inapotokea, tunasoma UDR0 (rejista yenye baiti iliyofika), tunaiweka kwenye bafa ya mzunguko ya baiti 64 (ghala la muda ambalo likifika mwisho linarudi mwanzo), tunatoka. Basi. Hata bafa ikijaa, UDR0 lazima uisome, kwa sababu kuisoma ndiko kunakozima bendera ya intarapti. Usipoisoma, intarapti itaita tena na tena na programu kuu haitasonga.

Vile viashiria viwili vya bafa, cha kuingizia na cha kutolea, vitangaze kuwa volatile uint8_t. Bila volatile, kompaila (inayogeuza programu yako kuwa lugha ya prosesa) inaweza kudhani thamani haibadiliki, na kitanzi chako kikangoja milele. Na kwa nini uint8_t, namba ya biti 8, si int ya biti 16? Prosesa hii ni ya biti 8. Namba ya biti 16 inaisoma kwa mikupuo miwili, na intarapti inaweza kupenya katikati.

Programu kuu sasa inatoa herufi kwenye bafa na kuzituma kompyuta kupitia pini 1. Pakia, rudisha waya, peleka GPS dirishani au barazani ione anga. Tafuta mstari unaoanza na $GPRMC, ndio wenye saa na mahali. Ukiona 090000, hapa Dar ni saa sita kamili mchana, maana GPS inatoa saa ya UTC (saa ya kimataifa) nasi tuko mbele kwa saa tatu. Herufi V inasema bado haijapata mahali, A imepata. Ukiwa Posta utaona 0648 au 0649 na S (kusini), kisha 03917 na E (mashariki). Hiyo 0649 ni digrii 6 na dakika 49, si 6.49.

Ukiona takataka, rudi kwenye UBRR0. Herufi zikikatika katikati ya mstari, ISR yako ni ndefu. Na programu ikijiwasha upya kila GPS inapoongea, angalia tahajia ya USART_RX_vect: ukiikosea, kompaila hutoa onyo tu, kisha intarapti isiyo na mwenyewe inairudisha prosesa mwanzo.